Mitambo ya Kuchimbua Ardhi: Kutoka Sururu Hadi Mashimo ya Geita

Mwaka 1966 mgodi wa dhahabu wa Geita, uliokuwa umefanya kazi tangu miaka ya 1930, ulifungwa. Mwaka 2000 mgodi mpya ulizinduliwa katika vilima vile vile. Katika muda huo wa miaka 34 dhahabu haikuongezeka ardhini hata chembe. Miamba ya Geita ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, na kwake miaka 34 si kitu. Ni jambo gani basi lililokigeuza kilima kilichoachwa kiwe mali tena?

Sababu ni tatu. Ya kwanza ni bei. Tangu mwaka 1934 hadi 1971 bei rasmi ya dhahabu ilikuwa dola 35 za Marekani kwa aunsi moja, yaani gramu 31.1, baada ya hapo bei iliachwa huru, ikapanda mara nyingi. Ya pili ni kemia: katika miaka ya 1970 na 1980 ilienea mbinu ya kutumia mkaa maalumu kunasa dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa kwa sianidi, na hivyo mawe yenye dhahabu kidogo sana yakaweza kusafishwa kwa faida. Ya tatu ni mitambo ya kuchimbua ardhi. Makala haya yanahusu sababu hiyo ya tatu: mitambo hiyo ilitoka wapi, inafanyaje kazi, inaweza nini, na wapi uwezo wake unakoma.

MKONO WA BINADAMU

Kuhamisha udongo ni kazi nne: kuulegeza, kuuchota, kuuinua na kuupeleka mahali pengine. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo ya Geita, Kahama na Shinyanga, kazi zote nne bado huweza kuonekana zikifanywa kwa mikono. Mchimbaji aliye ndani ya duara hulegeza mwamba kwa moko na nyundo. Huchota kwa beleshi. Mawe hupandishwa kwa kamba na winchi ya mkono. Kisha hubebwa kwa mifuko au karai. Kuta za duara huzuiwa kwa matimba, yaani magogo yaliyopangwa ili udongo usiporomoke.

Mtu mmoja mwenye afya huweza kuchota kiasi cha meta za ujazo 3 hadi 5 za udongo uliolegea kwa siku. Kwa nguvu hiyo ndogo, ikizidishwa kwa idadi ya watu, kazi kubwa ajabu zimefanyika. Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa hadi ufuko wa Ziwa Viktoria kati ya mwaka 1896 na 1901, ilichimbiwa njia kwa sururu na mabeleshi, na watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa ajili yake. Wengi wao walikufa au waliugua. Hiyo ndiyo gharama ambayo mitambo ilikuja kuipunguza, nayo isisahaulike pale inapozungumzwa gharama ya mitambo yenyewe.

NGUVU YA MVUKE

Mtambo wa kwanza wa kuchimbua kwa nguvu ya mvuke ulibuniwa na kijana wa Kimarekani, William Otis, aliyepewa hataza yake mwaka 1839. Ulikuwa na bomu la mvuke la kuchemshia maji, mkono wa mbao, minyororo, na ndoo ya chuma yenye meno. Ulisimama juu ya reli, na haukuweza kugeuka duara zima. Otis alifariki mwaka ule ule akiwa na umri wa miaka 26, na mtambo wake ulienea polepole, kwa kuwa mahali pengi vibarua walipatikana kwa ujira mdogo. Msomaji na aliweke jambo hili akilini: mtambo hauenei kwa sababu una nguvu tu, bali pale ambapo kuutumia ni rahisi kuliko kutoutumia.

Uwezo wa mitambo ya mvuke ulionekana na dunia nzima wakati Wamarekani walipochimba Mfereji wa Panama kati ya mwaka 1904 na 1914. Mitambo yenye uzito wa karibu tani 95 ilikata milima, na magarimoshi yakaondoa kifusi mchana kutwa. Hata hivyo, mtambo wa mvuke ulikuwa na dosari zake. Ulihitaji maji, makaa na mtu wa kuchochea moto. Na ndoo yake, kwa kuwa ilivutwa kwa minyororo au kamba za chuma, ilitegemea sana uzito wake yenyewe ili izame ardhini.

Mwaka huo huo wa 1904, huko California, Benjamin Holt alijaribu trekta lililotembea juu ya mikanda badala ya magurudumu. Kutokana na wazo hilo ilipatikana minyororo ya chuma ambayo leo hubeba tingatinga na mitambo mingi ya kuchimbua, na ambayo kwa wengi imeupa mtambo wa namna hiyo jina la katapila.

MAFUTA YANAYOSUKUMA CHUMA

Badiliko kubwa la pili lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Injini ya dizeli ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi ya mvuke. Sasa kamba nazo zikaanza kuachwa, na mahali pake pakawekwa mafuta yaliyofungiwa ndani ya mabomba na silinda. Nchini Ufaransa kampuni ya Poclain ilitoa mtambo wa namna hiyo mwaka 1951. Nchini Ujerumani kampuni ya Demag ilitoa mwaka 1954 mtambo uliotumia mafuta kwa kazi zake zote na kugeuka duara kamili.

Kanuni yake si ngeni. Ilielezwa katika karne ya 17 na Mfaransa Blaise Pascal: kanieneo inayotiwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Mwingereza Joseph Bramah aliitumia kanuni hiyo mwaka 1795 kutengeneza shinikizo lake. Mtambo wa leo unafanya vivyo hivyo. Injini huzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta. Mafuta husukuma pistoni. Na pistoni huinua mkono, hukunja kiwiko na kupindua ndoo. Anayeutazama mtambo huo ukifanya kazi ataona bega, kiwiko na kiganja, na ndiyo maana mafundi wa Tanzania wameuita kwa jina rahisi la kijiko.

Na ichukuliwe mfano wa pistoni yenye kipenyo cha sentimeta 10. Eneo lake ni sentimeta za mraba 78.5, au meta za mraba 0.00785. Mafuta yakiwa na kanieneo ya paskali milioni 30, ambayo ni takriban mara 300 ya kanieneo ya hewa, kani itakayopatikana ni:

30,000,000 × 0.00785 = nyutoni 235,500

Kani hiyo yatosha kuinua tani 24, nayo imetoka katika pistoni isiyozidi upana wa sahani ndogo. Faida nyingine ni kwamba mafuta huweza kusukuma upande wowote. Ndoo haingoji tena uzito wake uizamishe. Husukumwa ardhini kwa nguvu, kisha hukunjwa na kujaa.

Kijiko cha kawaida cha tani 20, chenye ndoo ya meta moja ya ujazo, huweza kukamilisha mzunguko mmoja wa kuchota, kugeuka, kumwaga na kurudi kwa muda wa sekunde 20. Hiyo ni mizunguko 180 kwa saa. Hata tukipunguza karibu nusu kwa ajili ya kusubiri tipa na ndoo zisizojaa vizuri, hubaki meta za ujazo 100 kwa saa, au 800 kwa siku ya saa nane. Hiyo ni kazi ya mabeleshi kati ya 160 na 270.

UZITO JUU YA UDONGO

Sehemu kubwa ya Shinyanga ina udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi hupasuka na wakati wa masika huvimba na kunata. Gari la magurudumu huzama humo; mtambo wa minyororo hupita. Sababu yake yaweza kuhesabiwa na mwanafunzi yeyote. Tani 20 ni uzito wa nyutoni 196,000. Kama kila mnyororo unagusa ardhi kwa urefu wa meta 3.6 na upana wa meta 0.6, eneo la minyororo miwili ni meta za mraba 4.32, na kanieneo ni kiasi cha paskali 45,000. Mtu wa kilo 70 anaposimama kwa mguu mmoja, wenye wayo wa sentimeta za mraba 150, huitia ardhi kanieneo ile ile, kwa kiasi hicho hicho. Mtambo wa tani 20 hukanyaga kama mtu anayetembea!

Lakini hapa pana hatari ambayo hesabu hiyo haiionyeshi. Mkazo utokao kwenye wayo mdogo hutawanyika na kufifia karibu na uso wa ardhi. Mkazo utokao kwenye eneo pana hufika chini zaidi, kiasi cha meta kadhaa, kwa kuwa kina chake hufuata upana wa mzigo. Kwa hiyo ardhi iliyotobolewa na maduara ya zamani huweza kumbeba mtu kwa miaka mingi, kisha ikatitia siku ile kijiko kinapopita juu yake. Mtetemeko wa injini na lundo la kifusi lililowekwa karibu na mdomo wa shimo huongeza hatari hiyo.

Jambo hili si la nadharia tu katika ukanda huu. Mwezi Januari 2017 wachimbaji 15 walinaswa chini ya ardhi huko Nyarugusu, Geita, wakaokolewa wote wakiwa hai baada ya siku tatu hivi. Mwezi Agosti 2025, huko Nyandolwa mkoani Shinyanga, maduara yalititia na kufukia watu 25. Wengi wao hawakutoka wakiwa hai. Katika uokoaji wa namna hiyo kijiko ni msaada na ni tishio kwa wakati mmoja: kinaweza kuondoa kwa saa moja kifusi ambacho mabeleshi yangekiondoa kwa siku nzima, na kinaweza kuangusha udongo uliosalia juu ya wale wanaotafutwa. Ndiyo sababu kazi hiyo huenda polepole, na wanaosubiri juu huona kana kwamba mtambo umesimama bure.

TANI 90 KWA MKUFU MMOJA

Sasa yawezekana kulijibu swali la Geita. Jiwe lenye dhahabu huitwa mbale pale tu linapolipa gharama ya kulitoa; lisipolipa ni kifusi, hata kama lina dhahabu ndani yake. Kwa hiyo mpaka kati ya mbale na kifusi haukuchorwa na maumbile peke yake. Bei, kemia na mitambo huusogeza.

Na ichukuliwe kwamba kila tani ya mbale ina gramu 3 za dhahabu, kwamba kiwanda hupata asilimia 90 yake, yaani gramu 2.7, na kwamba ili kuifikia tani moja ya mbale ni lazima kuondoa tani 8 za kifusi. Mkufu wa gramu 27 utahitaji tani 10 za mbale na tani 80 za kifusi, jumla tani 90. Kwa karai na beleshi kazi hiyo haifikiriki. Kwa lori moja la mgodi mkubwa, hiyo ni takriban safari moja.

Kwa lugha ya hesabu, kama gharama ya kuhamisha tani moja ni g, na kila tani ya mbale inafunikwa na tani k za kifusi, basi gharama ya kuifikia tani moja ya mbale ni (1 + k) mara g. Mtambo hushusha g. Na g ikishuka, k huweza kuongezeka bila hasara. Hivyo ndivyo vilima vya Geita, ambavyo katika kipindi cha kwanza vilichimbwa kwa sehemu kubwa kwa kufuata mikanda yenye dhahabu nyingi chini ya ardhi, vilivyochimbwa upya kuanzia juu kama mashimo makubwa ya wazi, kwa ngazi baada ya ngazi. Mwamba mgumu haukwanguliwi na ndoo moja kwa moja. Hutobolewa na kulipuliwa kwa baruti kwanza, kisha mitambo huchota vipande.

KWA NINI SHIMO LINA MWISHO

Ukuta wa shimo hauwezi kusimama wima kama ukuta wa nyumba. Huteremka kwa mteremko ambao mwamba unauvumilia. Shimo likichukuliwa kuwa na umbo la pia lenye mteremko wa nyuzi 45, nusukipenyo chake juu huwa sawa na kina chake, na ujazo wake ni theluthi moja ya pai mara kina kwa kipeo cha tatu. Kwa kina cha meta 100 ujazo ni kiasi cha meta za ujazo milioni 1.05. Kwa kina cha meta 200 ni milioni 8.4. Kina kimeongezeka mara mbili, udongo umeongezeka mara nane! Mkanda wa mbale haukupanuka. Kilichoongezeka ni kifusi. Herufi k inakua hadi hata mtambo mkubwa kuliko yote haulipi.

Hapo mchimbaji hulazimika kurudi chini ya ardhi. Geita ilirudi chini mwaka 2016 katika eneo la Star and Comet, na baadaye Nyankanga, shimo lake lililokuwa kubwa. Huku shimo jipya la wazi likianzishwa Nyamulilima mwaka 2021. Bulyanhulu, wilayani Kahama, ulifunguliwa mwaka 2001 ukiwa mgodi wa chini ya ardhi tangu mwanzo, kwa kuwa umbo la mbale yake ni jembamba na linazama. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulizinduliwa mwaka 2009 kama shimo la wazi, na ulifungwa mwaka 2021. Uhai wa shimo kubwa la mitambo huweza kuwa mfupi kuliko uhai wa mtu aliyezaliwa kando yake.

FUNZO LA KONGWA

Tanganyika ilikwisha kujifunza kwa gharama kubwa kwamba wingi wa mitambo si elimu ya ardhi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Nia ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta na matingatinga yaliyobaki vitani yaliletwa, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Mizizi na mibuyu iliharibu mitambo, vipuri na mafundi walikosekana, na udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ulikauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama tofali, ukala majembe. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kupoteza paundi za Kiingereza zipatazo milioni 36. Hakuna mtambo uliokosa nguvu. Kilichokosekana ni kupima mvua na udongo kabla ya kuagiza chuma.

KIFUSI KINAKWENDA WAPI?

Kila kinachochimbuliwa ni lazima kiwekwe mahali. Mwadui, mkoani Shinyanga, ndipo mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, alipogundua mwaka 1940 mwamba wa kimbalaiti wenye almasi, ambao uso wake una ukubwa wa hekta 146, mmoja wa mikubwa kabisa duniani. Katika tani 100 za mwamba huo hupatikana karati chache tu, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Karibu kila kilichopita kiwandani tangu wakati huo kimebaki Mwadui kama mabaki. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mabaki ulibomoka, na tope likafunika nyumba na mashamba ya wananchi wa jirani.

Kwa mhandisi, ukuta wa bwawa na shimo la mgodi ni somo moja: udongo ulioondolewa mahali pake bado una uzito, bado unafyonza maji, na bado unafuata mteremko. Mtambo uliouhamisha umeondoka, udongo haujaondoka.

MTAMBO KATIKA MAISHA YA KILA SIKU

Kazi za mitambo hii haziishii migodini. Handaki la bomba linaloleta maji ya Ziwa Viktoria hadi Shinyanga na Kahama, mradi uliozinduliwa mwaka 2009, lilipita katika nchi kavu ambayo watu wake walizoea kuchimba visima vifupi katika mchanga wa mito. Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, ilianza kujengwa mwaka 2021, ikihitaji kukatwa kwa miinuko na kujazwa kwa mabonde. Malambo ya kunyweshea mifugo, ambayo zamani yalichimbwa kwa nguvu za kijiji kizima, leo huweza kuchimbwa na kijiko kimoja, tipa mbili na greda kwa muda mfupi.

Lambo kama hilo ni maabara iliyo wazi kwa shule yoyote. Mwalimu na awapeleke wanafunzi wake wapime urefu, upana na kina, wakadirie ujazo, wahesabu ndoo na safari za tipa zilizohitajika, kisha walilinganishe na kazi ya mabeleshi. Baadaye wapande juu ya lundo la udongo uliotolewa na kupima mteremko wake. Je, lundo liko umbali gani kutoka ukingoni? Mvua za masika zijazo zitaupeleka wapi udongo huo? Watakaoweza kuyajibu maswali hayo kwa namba watakuwa wamekwisha kuanza kazi ya mhandisi, kabla hawajashika usukani wa mtambo wowote.